Sauti ya Dakika ya Thelathini na Moja

Pale kwenye maktaba ya sauti na picha walimwita Bi Alama, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Kazi yake ilikuwa kuweka alama, na tabia yake ilikuwa hiyo hiyo. Kwenye kishikio cha droo yake alipitisha uzi mweusi mwembamba, na kila asubuhi, kabla hajaketi, aliinama kuutazama kama bado umekaa alivyouacha. Kalamu alizihesabu jioni na kuzihesabu tena asubuhi, utadhani kalamu huzaa. Kiti chake alikijua kimo. Mtu akikikalia robo saa tu wakati mwenyewe hayupo, magoti yake yalimwambia. Wenzake walimcheka, naye alijua wanamcheka, na hilo nalo aliliweka akiba.

Lakini tusimwonee bure. Mwanamke aliyeachwa mjane akiwa na miaka ishirini na sita, mtoto wa kike wa mwaka mmoja na nusu mgongoni, lazima ajifunze kutazama nyuma yake. Mumewe alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha sabuni. Alasiri moja boila ya kiwanda, lile tangi la mvuke, ilipasuka, ikaua watu wawili: fundi huyo, na mtunza boila aliyekuwa amesimama karibu naye. Asubuhi ya siku hiyo watu walikuwa wamesikia boila inalia vibaya, na kila mtu mwenye akili alijua ilipaswa kuzimwa. Haikuzimwa. Uchunguzi ulifanywa, karatasi zikajaa makabati, na mwisho ikaandikwa kwamba haikujulikana nani aliamua iendelee kuwaka. Midomo ya watu, kama kawaida yake, haikungoja karatasi. Wapo waliosema ni fundi, wapo waliosema ni mtunza boila, na wajane wawili wakarudi majumbani mwao kila mmoja na fungu lake la maneno hayo.

Maktabani aliingia kwa mlango wa nyuma, akiwa na ufagio. Miaka minne alifagia. Siku moja alikuwa akipitisha dekio chini ya meza, na mkuu wa wakati huo alikuwa akisikiliza mkanda na kuandika kwamba panasikika mvua. Mfagiaji akasimama na dekio lake, akasema kwa upole kwamba ile si mvua, ni watu wengi wanapiga makofi mbali. Mkuu akasikiliza tena, akasikiliza mara ya tatu, kisha akamtazama yule mama kwa namna mtu anavyotazama noti aliyoiokota. Mwezi uliofuata ufagio ulishikwa na mwingine.

Kazi yenyewe haina fahari, ila inataka mtu asiyechoka. Mikanda ya zamani huingizwa kwenye kompyuta. Mchapaji husikiliza na kuandika maneno yote yanayosemwa, bila kujali nani anasema. Halafu zamu ya Bi Alama huanza. Yeye husikiliza kutoka mwanzo, na anapofika mahali sauti inapoanza hufungua alama: kuanzia sekunde hii, anayesema ni fulani. Sauti ikikoma, anaifunga alama kwa sekunde nyingine. Katikati huweka alama nyingine ndogo ndogo, za mlango, kikohozi, mtoto analia, bati linapigwa na upepo. Kwa hiyo mtu akija kesho akaandika neno «kikohozi», maktaba nzima inakohoa mbele yake, miaka arobaini ya vikohozi, kila kimoja na mahali pake. Bila alama, mkanda ni gunia lililoshonwa mdomo. Unajua kuna kitu ndani, basi.

Maktaba ile ilikuwa na kanuni moja waliyoiita masikio mawili. Sauti haipewi jina la mtu mpaka wawili waliomjua msemaji waisikilize na kutia sahihi kwenye daftari. Akipatikana mmoja tu, inabaki kuwa sauti isiyojulikana, hata kama huyo mmoja anaapa kwa viapo vyote. Bi Alama aliipenda kanuni hiyo kuliko mshahara wake. Ilikuwa imetungwa, alisema, na mtu anayewajua binadamu.

Miezi saba kabla ya mambo haya, masanduku ya kiwanda cha sabuni yaliletwa maktabani. Kiwanda kilikuwa kimefungwa zamani, na stoo yake ilikuwa ikisafishwa. Ndani mlikuwa na mikanda ya mpiga picha aliyekuwa akitengeneza filamu ya kiwanda asubuhi ya siku ile ile ya ajali. Mkanda mmoja haukuwa na picha. Kamera ilikuwa imeachwa inazunguka ndani ya mfuko wake, karibu na boila, ikanasa dakika hamsini za giza na sauti. Bi Alama akamsikia mumewe humo. Mlinzi wa geti la maktaba, mzee aliyewahi kulinda kiwanda kile, akaja akavaa hedifoni, akasikia sentensi moja, akatikisa kichwa na kutia sahihi ya pili. Likawa jambo la kawaida la kazi, angalau kwenye daftari.

Kisha maktaba ikafunguliwa kwa watu wote. Mtu yeyote mwenye simu aliweza kuandika neno na kusikia.

Sasa, binti wa Bi Alama alikuwa amechumbiwa. Na Mungu naye ana utani wake, maana mchumba alikuwa mtoto wa yule mtunza boila. Walikutana shuleni walikofundisha wote wawili, kijana akifundisha hesabu, na walikuwa wameshapendana ndipo wakagundua kuwa baba zao walikufa dakika moja. Wajane walipoambiwa, mama wa kijana, ambaye alikuwa mshonaji, akasema labda ndiyo njia ya kulimaliza jambo lile. Siku ya familia mbili kukutana ikapangwa. Kijana alikuwa ameshaanza kumwita Bi Alama «mama», na yeye, pamoja na ushuku wake wote, hakuwa amepata kasoro ya kijana huyo. Alikuwa ameitafuta.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, binti alirudi nyumbani mchana, mkoba ukiwa bado begani, akasimama mlangoni mwa jikoni. Akamwambia mama yake kwamba shughuli haipo tena. Kijana alikuwa ameandika neno «boila» kwenye ukurasa wa maktaba. Yakaja majibu machache, na moja lilikuwa na jina la baba yake binti, limeandikwa waziwazi, na chini yake maneno haya: «Jamani, msiizime. Ikipoa ni mpaka kesho kutwa kuiwasha tena. Mimi nitakaa nayo mwenyewe, hakuna atakayekufa.» Kijana alikuwa ameihifadhi sauti kwenye simu yake. Alimsikilizisha mchumba wake, akamwambia hawezi kuoa katika nyumba ya mtu aliyemuua baba yake, na kwamba mama yake mzazi hatamsikilizisha kamwe, asije akamwua na yeye.

«Mama, mimi sikumjua baba,» binti alisema. «Ndivyo alivyokuwa anaongea?»

Bi Alama alijibu kwamba kama imeandikwa ni yeye, basi walisikiliza watu wawili. Sauti yenyewe hakuomba kuisikia. Binti akamnyooshea simu, naye akageuka kukata kitunguu kilichokuwa kimeshakatwa.

Wengine wangelia. Yeye alishuku. Kabla kitunguu hakijaingia kwenye mafuta alikuwa ameshapata mtuhumiwa wa kwanza, na hakuwa mwingine ila Mtaalamu.

Mtaalamu ndiye aliyekuwa akisimamia kompyuta za maktaba. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, ndevu zimechongwa kama za picha ya kinyozi, na alikuwa na kawaida ya kucheka peke yake akitazama skrini. Mtu anayecheka peke yake, kwa Bi Alama, ana jambo. Zaidi ya hayo, alikumbuka kwamba miezi michache nyuma Mtaalamu alimwuliza mumewe alikufaje. Alimwuliza kwa sauti ya huruma, tena akamletea chai. Chai ya nini? Asubuhi iliyofuata alimtazama kuanzia anavyotundika koti mpaka anavyonawa mikono, na kila alichofanya kilikuwa ushahidi. Akicheka, anamcheka. Akinyamaza, kuna anachoficha.

Siku ya tatu akamhamia mchapaji. Mchapaji yule walishawahi kugombana kwa ajili ya feni, ielekee wapi, na hawakupatana vizuri mpaka leo. Yeye ndiye aliyeandika maneno ya mkanda ule. Angeshindwa nini kubandika na jina? Bi Alama akaacha kunywa maji ya jagi walilochangia. Mchapaji akauliza kama ana mfungo, naye akajibu ndiyo, na ikabidi siku tatu ajifiche kula mkate wake ghalani, kati ya masanduku ya filamu.

Baadaye ikawa zamu ya mlinzi wa geti, mzee wa watu asiye na neno. Labda alitia sahihi kwa sentensi moja, kisha kwa siri akatia nyingine. Labda alikuwa na kinyongo cha kiwandani. Kila jioni mzee alimuaga kwa heshima, «Haya mama, safari njema,» na yeye aliitikia kwa pua.

Na bado alikuwepo wa nne, ambaye hakutaka kumkaribia. Alimjia bila kuitwa wakati akifua, wakati akisubiri chai ichemke. Labda mumewe aliyasema maneno yale. Alikuwa mtu wa haraka yule, mtu wa «tutafanya tu». Miaka ishirini na minne alimlinda kwa majirani na kwa ndugu, akigombana na yeyote anayeitaja ile boila, na sasa alikuwa akimtazama kwenye picha ya ukutani kama mtu anayehesabu chenji. Jambo hilo lilimuuma kuliko yote. Ndiyo maana hakuisikiliza sauti. Sauti alizijua: mtu akishasikia, hawezi tena kutosikia.

Ilikuwepo njia rahisi ya kumaliza. Kila alama hubeba namba ya mtu aliyeiweka. Ila namba hizo zilionekana kwenye skrini moja tu, ya Mtaalamu, na mwizi humwombi akuonyeshe nyayo zake. Kwa hiyo Bi Alama alizunguka jengo lile wiki nzima na nusu akitafuta kitu kilichokuwa hatua sita kutoka kwenye kiti chake, kwa sababu tu hakutaka kumwuliza mtu jambo.

Mwisho wake aliuliza. Binti alikuwa hali chakula, na kazini kwake ameomba ruhusa. Bi Alama akaenda akasimama nyuma ya kiti cha Mtaalamu, akamwambia afungue mkanda wa kiwanda cha sabuni, dakika ya thelathini na moja, amwonyeshe namba ya mweka alama. Alisema hivyo huku akimtazama mikono. Mikono haikutetemeka. Mtaalamu akafungua, akasoma.

«Namba tatu,» alisema.

Namba tatu alikuwa yeye.

Msomaji usimcheke, maana aliyoyafanya baada ya hapo hata wewe ungeyafanya. Alisema kuna mtu ameiba neno lake la siri. Akaenda kwenye droo yake, ambamo neno hilo lilikaa kwenye kikaratasi chini ya trei ya kalamu. Uzi ulikuwa mahali pake. Kikaratasi kilikuwa kimekunjwa mara nne, kama alivyokikunja. Akahesabu na kalamu, sijui kwa nini. Zilitimia zote. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alitamani kukuta ameibiwa.

Aliporudi, Mtaalamu alikuwa ameinamia skrini na wala hacheki.

«Mama, njoo uone hapa,» alisema taratibu. «Alama yako haikuanzia thelathini na moja. Umeifungua dakika ya kumi na nne. Halafu haina mwisho. Hukuifunga.»

Akaeleza kwamba zamani alama ikiachwa wazi kompyuta iligoma, skrini ikawa nyekundu, na watu wakalalamika. Kwa hiyo yeye aliipanga iifunge yenyewe mwisho wa mkanda. Alilitangaza hilo kikaoni. Bi Alama alikumbuka kikao hicho; muda wote alikuwa akimchunguza Mtaalamu amevaa saa ya nani. Hivyo basi, tangu dakika ya kumi na nne mpaka ya hamsini, kila neno lililosemwa mle gizani, na kila mtu aliyelisema, lilikuwa limewekwa kinywani mwa mumewe.

Dakika ya kumi na nne alikuwa akiikumbuka. Hilo ndilo lililomkalisha chini.

Pale mumewe alisema, «Nani kachukua spana yangu namba kumi na saba? Jamani humu mna wezi.» Basi, ndiyo sentensi yote. Na spana kumi na saba ilikuwa nyumbani, kwenye droo ya vijiko. Alfajiri ile mkewe aliitoa kwenye mfuko wake wa kazi ili akaze bomba lililokuwa likivuja, akasahau kuirudisha. Fundi alikwenda kazini akawashuku wenzake, na akafa akiwashuku, na kikulacho kilikuwa nguoni mwake. Spana ile mkewe bado aliitumia. Siku alipoisikia sentensi hiyo, miezi saba nyuma, alifungua alama, akaandika jina, mlinzi akatia sahihi, na mlinzi alipotoka yeye akavua hedifoni akaenda kunawa uso. Alinawa muda mrefu sana. Kesho yake akachukua mkanda mwingine. Katika miaka ishirini ya kazi hakuwahi kuacha alama wazi hata moja, na ndiyo sababu hakurudi kuangalia. Unashuku wezi, nani anajishuku mwenyewe?

Akamwomba Mtaalamu hedifoni zake. Akasikiliza dakika ya thelathini na moja.

Haikuwa sauti ya mumewe. Ilikuwa nzito zaidi, na ilivuta «jamani» kama mtu anayeburuta meza. Mtu huyo alikuwa akija kwao Jumapili kutengenezewa redio. Alikuwa mtunza boila. Baba wa kijana mwenyewe ndiye aliyesema isizimwe, ndiye aliyesema hakuna atakayekufa. Na baada yake, sekunde tisa baadaye, fundi alijibu kwa sauti ya mtu asiyetaka ugomvi: «Haya basi. Wewe ndiye unayeijua.» Kwa hiyo mumewe hakuamua, ila pia hakukataa. Alisikiliza hilo mara mbili. Halikumpendeza, lakini lilikuwa lake.

Alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa maktaba akaeleza. Mkuu alikuwa mama mpole wa miwani, waliyeheshimiana naye miaka mingi. Alimsikiliza mpaka mwisho, akaiweka miwani mezani.

«Kwa hiyo, Bi Alama,» alisema, «baada ya mchumba wa binti yako kulalamika, umegundua sauti si ya mume wako.»

Bi Alama aliyaona yale macho. Aliyajua vizuri kuliko mtu yeyote, kwa sababu yalikuwa yake. Ndiyo aliyowatazama nayo watu miaka ishirini na minne. Nyani haoni kundule, na leo kioo kilikuwa kimeletwa mpaka mlangoni. Uso ulimwaka moto. Akatamani kupiga meza, akaishia kusema kwamba kanuni ipo, na kanuni inataka masikio mawili.

Sikio la kwanza lilikuwa lake. La pili akamwomba mlinzi. Mzee akavaa hedifoni, akasikia «jamani» ile, akazivua upesi kama zimemchoma. Alisema masikio yake siku hizi ni ya uzee. Alisema hivyo akitazama lango. Bi Alama hakumlaumu. Angeweza, hapo hapo, kuandika kuwa sauti haijulikani, na kanuni ingemruhusu. Jina la mumewe lingetoka, la mwingine lisingeingia. Lakini kijana angesema nini? Angesema mwekaji alama amemfutia mume wake damu kwa kalamu ya ofisi. Angekuwa na haki ya kusema hivyo. Sikio la pili lililobaki duniani lilikuwa la mtu mmoja tu, na kwenda kumwita kulikuwa sawa na kumpelekea msiba wa mara ya pili.

Mshonaji alikuja Jumatano asubuhi, nyuzi za rangi zimeng'ang'ania gauni lake. Mwanawe alimsindikiza, akakataa kuingia chumbani. Alibaki kwenye korido, amesimama, mgongo ukutani, na alipopita Bi Alama alimsalimia kwa kutikisa kichwa tu. Neno «mama» lilikuwa limekoma tangu siku ile.

Ndani, Bi Alama hakumpa hedifoni mara moja. Kwanza alimweleza alama ni nini, inavyofunguliwa na inavyofungwa. Kisha akasema lililomfanya amwite.

«Dada, kosa ni langu. Niliacha alama wazi, nikamvisha mume wangu maneno ya watu wengine. Nimetafuta mwenye kosa nyumba nzima hii. Ni mimi. Sasa kuna sauti hapa. Sikwambii ni ya nani. Ukisema huijui, itaandikwa haijulikani, na sitakuuliza tena.»

Mshonaji alimtazama kwa makini, kama anayepima kitambaa kama kimepungua. Akazivaa hedifoni.

Alisikiliza, uso haukubadilika. Akaomba irudishwe. Mara ya pili alifumba macho, na mkono wake ukaanza kunyoosha pindo la gauni juu ya goti, ukinyoosha mahali ambapo hapakuwa na mkunjo. Mara ya tatu alicheka kidogo, kicheko kifupi cha mtu aliyekanyagwa mguu na mtu anayempenda.

«Jamani yake hiyo,» alisema. «Ni baba watoto. Alivyokuwa mbishi. Nilijua. Miaka yote nilijua ni yeye, sikuthubutu kusema.»

Machozi yalikuja baadaye, taratibu, na hakuyafuta. Alichukua kalamu akatia sahihi kwenye daftari kwa herufi kubwa za mtu asiyeandika mara kwa mara. Bi Alama naye alilia. Hakuna aliyemwomba mwenzake msamaha. Kisha mshonaji akasema kijana aitwe.

Kijana aliingia ameuma meno. Mama yake alimpa hedifoni. Alizivaa, Bi Alama akabonyeza, na haikufika hata sekunde mbili akazivua.

«Hii ndiyo ile ile,» alisema. «Hii ninayo kwenye simu. Sasa mnaniletea nini?»

«Ni baba yako,» mama yake akasema.

Alikuwa na miaka minne baba yake alipokufa. Hakuwa na kumbukumbu ya sauti yake, hata neno moja. Aliwahi kumwambia mchumba wake kwamba angetoa chochote amsikie akiita tu. Alisimama na hedifoni mkononi, akimtazama mama yake, kisha daftari lenye sahihi, kisha skrini. Ilionekana jinsi jambo lilivyokuwa likimwingia, kidogo kidogo, kama maji yanavyopanda kwenye kitambaa.

«Nimeisikiliza kila siku,» alisema mwishowe. «Kila asubuhi kabla ya darasa. Nilikuwa naisikiliza ili nisisahau kuichukia.»

Bi Alama alitaka kumwambia ni yeye aliyemtia kwenye chuki hiyo, kwa mkono wake, kwa kwenda kunawa uso. Aliweza tu kusema samahani mwanangu, na sauti yake ikatoka ndogo, sauti ambayo yeye mwenyewe asingeweza kuitambua kwenye mkanda.

Kijana akakaa. Akazivaa tena hedifoni, sasa kwa mikono miwili, akizishikilia masikioni.

«Rudisha, mama,» alisema.

Bi Alama akarudisha. Alikuwa ameshafungua alama mpya na kuandika jina, na kidole chake kilikuwa kwenye kitufe cha kuifunga. Kanuni ilimtaka aifunge pale pale sauti inapoishia, naye kuanzia siku ile hakuwa mtu wa kusahau. Lakini kila sauti ilipokoma kijana aliinua kidole kuomba tena, naye akairudisha. Saa ya chakula ikapita, mchapaji akachungulia akaondoka bila kuuliza, jua likahama kutoka mezani kwenda sakafuni. Alama ilibaki wazi mpaka kijana alipozivua mwenyewe na kuziweka mezani, ndipo Bi Alama akaifunga.